Chembe za sumaku kwenye utando: zitayafanya maji ya chumvi yanyweke?

Septemba 2013, serikali ya Kenya na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, zilitangaza habari iliyozunguka dunia kwa siku chache: chini ya ardhi kame ya Turkana kumegunduliwa akiba kubwa ya maji. Hifadhi ya Lotikipi peke yake ilikadiriwa kuwa na zaidi ya mita za ujazo bilioni 200. Kuna walioanza kupiga hesabu ya miaka ambayo nchi nzima ingekunywa bila wasiwasi. Kisha vikachimbwa visima vya majaribio, maji yakapimwa, na furaha ikapoa. Maji yapo, lakini yana chumvi nyingi mno kwa binadamu kuyanywa.

Turkana haiko peke yake. Zaidi ya nusu ya maji yote yaliyo chini ya ardhi duniani ni ya chumvi. Katika miji ya pwani, ikiwemo Dar es Salaam, visima vinavyovutwa kupita kiasi huanza kuvuta maji ya bahari. Katika Bonde la Ufa, maji ya kisima yanaweza kuonekana safi kama machozi na bado yakawa na magadi au floraidi ya kudhuru meno na mifupa.

Ndiyo maana kila maabara inapotangaza njia mpya ya kutoa chumvi kwenye maji kwa gharama ndogo, habari hiyo inastahili kusikilizwa, na pia kuulizwa maswali. Mojawapo ya njia zinazojitokeza mara kwa mara katika majarida ya kisayansi, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, ni kuchanganya chembe ndogo mno za sumaku ndani ya tando zinazoondoa chumvi kwa umeme. Matokeo ya maabara ni mazuri. Lakini kutoka kwenye kipande cha utando kinachoenea kiganjani hadi kwenye kisima cha kijiji ni safari ndefu, na sehemu kubwa ya safari hiyo haihusu sumaku hata kidogo.

Chumvi ndiyo inayovuka, si maji

Mtu akisikia neno kuchuja hufikiria chujio la chai: kimiminika kinapita, makapi yanabaki. Mashine ambazo wauza maji wengi mijini huziita RO hufanya kazi kwa mtindo huo. Pampu yenye nguvu husukuma maji yapenye kwenye utando, na chumvi hubaki nyuma. Tando tunazozizungumzia hapa hufanya kinyume chake. Maji hubaki kwenye mfereji wake, na chumvi ndiyo inayotolewa.

Chumvi ya kawaida ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu yenye chaji chanya na kloraidi yenye chaji hasi. Ukipitisha umeme kwenye maji hayo, ule wa mkondo mmoja kama wa betri au wa paneli ya sola, sodiamu huelekea upande hasi na kloraidi huelekea upande chanya. Kati ya pande hizo mbili hupangwa tando za aina mbili kwa kupishana. Aina ya kwanza ina chaji hasi iliyofungwa ndani yake, kwa hiyo huruhusu sodiamu ipite na kuizuia kloraidi. Aina ya pili hufanya kinyume. Zikipangwa makumi au mamia ya jozi, kama kurasa za kitabu, maji yanayopita kati ya kurasa hizo huanza kutofautiana: mfereji huu chumvi inapungua, unaofuata chumvi inazidi. Njia hiyo inaitwa elektrodayalisisi, na tando zenyewe ni tando za kubadilishana ioni.

Kwa kuwa umeme mwingi unatumika kuvuta chumvi, gharama ya umeme hutegemea wingi wa chumvi iliyomo. Maji ya bahari yana takriban miligramu 35,000 za chumvi kwa lita. Huko RO hushinda bila ubishi, na ndiyo iliyotumika mwaka 2018 huko Kiunga, katika kaunti ya Lamu, ulipowekwa mtambo wa kusafisha maji ya bahari kwa nguvu za jua. Lakini kisima chenye miligramu 1,000 hadi 3,000 kwa lita ni jambo jingine. Hayo ni maji ya chumvichumvi: mbuzi atayanywa, mtu atayanywa akikosa mengine, chai yake haina ladha na sabuni haitoi povu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakizidi 1,000 watu huanza kuyakataa. Katika kiwango hicho cha kati, elektrodayalisisi inaweza kutumia umeme mdogo kuliko RO, na hupoteza maji machache zaidi. Kwa mahali ambapo kila lita inayotoka ardhini ina thamani, hiyo nukta ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Teknolojia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1950 Wamarekani wawili, Walter Juda na Wayne McRae, walichapisha habari za tando za kwanza za plastiki zilizofaa kwa kazi ya viwandani. Mwaka 1959 mji mdogo wa Coalinga, California, ambao ulikuwa ukiletewa maji ya kunywa kwa matangi ya treni kwa sababu visima vyake vilikuwa vya chumvi, ulipata mtambo wa elektrodayalisisi wa kutoa lita takriban 100,000 kwa siku. Japan ikaigeuza kazi hiyo: tangu mwaka 1972 imekuwa ikikoleza maji ya bahari kwa tando hizi ili kupata chumvi, badala ya kuyaanika kwenye mashamba ya chumvi ya pwani.

Kwa hiyo swali si kama njia hii inafanya kazi. Swali ni kwa nini, baada ya zaidi ya miaka sitini, mtambo kama wa Coalinga bado ni nadra katika vijiji vinavyouhitaji zaidi. Jibu moja ni bei ya utando.

Sumaku inaingia wapi?

Utando mzuri unatakiwa kufanya mambo mawili yanayogombana. Upitishe ioni zinazotakiwa kwa wepesi, ili umeme usipotee kwa kugeuka joto. Na uzizuie zile zisizotakiwa. Ukiupanua mlango ili wageni wapite haraka, na wezi nao watapata nafasi. Watengenezaji wamekuwa wakipambana na mvutano huo tangu mwanzo.

Kuna tando ghali, ambazo plastiki yake yote imefanyiwa kazi ya kikemia mpaka ikabeba chaji kila mahali. Na kuna tando za bei nafuu, zinazotengenezwa kwa kusaga resini ya kubadilishana ioni, ile ile inayotumika kulainisha maji magumu, kisha unga wake kuchanganywa na plastiki ya kawaida iliyoyeyushwa. Tando hizi za mchanganyiko ni imara na rahisi kutengeneza. Tatizo lake ni kwamba punje za resini zimetapakaa kama visiwa ndani ya plastiki isiyopitisha kitu. Ioni ikitaka kuvuka lazima iruke kutoka kisiwa hadi kisiwa, na njia nyingine zinaishia ukutani.

Hapo ndipo watafiti walipofikiria kuongeza chembe za oksidi ya chuma, hasa magnetaiti, yaani lile jiwe jeusi la asili linalovutwa na sumaku. Chembe zinazotumika huwa na upana wa nanometa kumi hadi makumi kadhaa. Unywele wa mtu una upana wa nanometa 80,000 hivi, kwa hiyo chembe za nanometa kumi zingepangwa elfu nane kuuvuka. Zinapatikana kwa urahisi: chumvi mbili za chuma zinayeyushwa kwenye maji, inaongezwa amonia au magadi makali ya viwandani, na unga mweusi unajikusanya chini ya chombo. Hakuna madini adimu hapo.

Chembe hizo zinasaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba uso wake unapenda maji. Plastiki inayakataa maji, lakini kila chembe ya oksidi hujivika tabaka jembamba la maji, na ioni husafiri kwenye maji, si kwenye plastiki kavu. Vile visiwa vinapata vivuko. Ya pili ndiyo inayohusu sumaku yenyewe. Utando ukiwa bado uji, haujakauka, ukiwekwa kati ya sumaku mbili, chembe hujipanga mistari kuelekea upande wa sumaku. Kila aliyewahi kumwaga unga wa chuma juu ya karatasi yenye sumaku chini yake, kama wanavyofanya wanafunzi wa sekondari, ameiona mistari hiyo. Plastiki ikikauka, mistari hubaki imeganda ndani, na ikielekezwa vizuri huwa njia za mkato kutoka uso mmoja wa utando hadi mwingine.

Inafaa kusisitiza jambo moja ambalo matangazo hulipotosha. Sumaku haivuti chumvi. Sodiamu na kloraidi hazijali sumaku kwa namna ambayo ingekuwa na maana kwenye bomba la maji, na utando ukishakauka unafanya kazi kwa umeme, bila sumaku yoyote pembeni. Vile vifaa vya kufunga kwenye bomba la nyumbani, vinavyouzwa kwa ahadi kwamba sumaku itayasafisha maji, haviondoi chumvi hata gramu moja, na utafiti huu hauwapi wauzaji wake cha kujitetea.

Kipimo nacho kina mpaka wake. Chembe zikiwa chache, utando unaimarika. Zikizidi, zinaanza kugandana, maana zina usumaku na ni ndogo mno, na kinachotokea ni sawa na uji uliokorogwa vibaya: madonge. Donge halifungui njia, linaiziba. Tafiti nyingi za aina hii zinaonyesha mchoro ule ule, ubora unapanda, unafika kilele, kisha unashuka. Kwa hiyo anayeripoti kwamba ameongeza chembe na utando ukawa bora bado ana deni la kueleza ni kiasi gani, na nini kilitokea alipozidisha.

Iran na plastiki ya mabomba

Miongoni mwa walioandika mapema kuhusu jambo hili ni watafiti wa Iran, hasa wa Chuo Kikuu cha Arak. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walichapisha matokeo ya tando zilizotengenezwa kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, zikachanganywa na unga wa resini na chembe za sumaku za oksidi ya chuma na nikeli. Tangu hapo wamejaribu michanganyiko mingine mingi.

Si vigumu kuona kwa nini Iran. Nchi hiyo imekuwa ikichota maji ya ardhini kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha. Katika maeneo mengi ardhi inatitia, na maji yanayobaki visimani yanazidi kuwa ya chumvi. Ziwa Urmia, lililokuwa moja ya maziwa makubwa ya maji ya chumvi duniani, limesinyaa mpaka sehemu kubwa imebaki tambarare nyeupe. Novemba 2025 Rais Masoud Pezeshkian alionya kwamba mvua isiponyesha huenda wakazi wa mji mkuu, Tehran, wakalazimika kuondoka. Wakati huo huo, tando bora za kubadilishana ioni hutengenezwa na kampuni chache za Japan, Marekani, Ulaya na China, na nchi iliyowekewa vikwazo vya kibenki na kibiashara hainunui bidhaa za aina hiyo kirahisi. Katika mazingira kama hayo, kuchukua plastiki ya mabomba inayozalishwa nyumbani, kuiongezea unga wa chuma wa bei nafuu, na kuisogeza karibu na ubora wa utando wa nje ni jambo lenye mantiki hata kama matokeo hayatavunja rekodi yoyote.

Hili, kwa maoni ya mwandishi, ndilo la kuvutia zaidi katika utafiti huu, na mara nyingi linafunikwa na maneno makubwa kuhusu nano. Utando ambao ni bora kidogo tu kuliko wa jana, lakini unaweza kutengenezwa katika karakana ya kawaida kwa malighafi zinazopatikana, una maana kubwa kwa nchi isiyoweza kuagiza. Afrika Mashariki haina vikwazo, lakini kuagiza vipuri kwa fedha za kigeni na kuvisubiri bandarini ni jambo ambalo mamlaka yoyote ya maji hapa inalijua.

Maji safi haiko sababu pekee ya utafiti huu kushika kasi. Tando za aina hii ndizo moyo wa seli za haidrojeni na wa betri kubwa za vanadiamu zinazohifadhi umeme wa jua na upepo. Aina inayotumika sana huko ina florini kwa wingi, na Januari 2023 nchi tano za Ulaya, Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norway na Sweden, ziliwasilisha pendekezo la kubana kundi zima la kemikali zinazohusika kwa sababu haziozi katika mazingira. Tangu hapo plastiki zisizo na florini, na chochote kinachoweza kuziboresha, zimepata wawekezaji wapya wa kuzitazama.

Maabara si kisima

Jaribio la kawaida la maabara hutumia kipande cha utando cha sentimita chache za mraba. Maji yake ni safi kabisa, yaliyoongezwa chumvi ya mezani kwa kipimo kinachojulikana. Umeme unapitishwa kwa saa kadhaa, vipimo vinaandikwa, makala inatumwa kwa jarida.

Maji ya kisima hayafanani na hayo. Yana kalsiamu na magnesiamu, salfeti, bikaboneti, silika, chuma kilichoyeyuka, na mabaki ya mimea na viumbe. Kalsiamu ikikolea upande wa maji mazito huganda kuwa ukoko mweupe, ule ule unaoonekana ndani ya birika la kuchemshia maji. Viwanda vya elektrodayalisisi vilijifunza mapema kupambana nao. Tangu miaka ya 1970 mitambo mingi hugeuza mwelekeo wa umeme mara kadhaa kila saa, ili ukoko ulioanza kujijenga uyeyuke kabla haujashika. Na kila baada ya muda, mafundi huziosha tando kwa asidi.

Asidi ndiyo mtihani wa utando wenye chembe za sumaku. Magnetaiti huyeyuka kwenye asidi kali. Fundi anayefuata mwongozo wa kawaida wa usafishaji anaweza kuziosha zile chembe zilizolipiwa na kubakiwa na utando wenye vitundu mahali zilipokuwa, ambao huenda ukawa mbaya kuliko usio na chembe kabisa. Kuna kinga. Chembe zinaweza kuvikwa tabaka la silika, kitu kile kile cha kioo, au kufungwa kwa kemia kwenye plastiki yenyewe. Lakini kila hatua ya namna hiyo inaongeza gharama, na sifa kuu ya wazo hili ilikuwa unafuu. Makala inayosema utando umeboreka bila kuonyesha hali yake baada ya kuoshwa kwa asidi mara hamsini bado haijafika kwenye swali la mnunuzi.

Kisha kuna suala la kinachoishia kwenye glasi. Chuma kidogo kwenye maji si sumu. Kikizidi takriban miligramu 0.3 kwa lita hubadilisha ladha na kuacha madoa kwenye nguo, na hilo ni kero zaidi kuliko hatari. Nikeli ni habari nyingine: mwongozo wa WHO ni miligramu 0.07 kwa lita. Hii haimaanishi kwamba tando zenye oksidi ya chuma na nikeli zinadhuru. Maana yake ni kwamba kabla utando wa aina hiyo haujaitwa wa maji ya kunywa, lazima mtu apime kinachotoka ndani yake kwa miezi, si kwa saa, na kwa maji ya kweli.

Ipo mifano ya sumaku kutoka maabara na kufanikiwa kwenye maji. Australia ilitengeneza resini ya kubadilishana ioni yenye oksidi ya chuma ndani ya kila punje, ikiwa na kazi ya kunasa uchafu wa kioganiki unaoyapa maji rangi. Mtambo wa Mount Pleasant, Australia Kusini, ulianza kuitumia mwaka 2001. Kule sumaku ina kazi moja ya wazi: punje zinavutana, zinakuwa nzito, zinazama haraka, na hivyo kukusanywa na kutumika tena. Hakuna aliyehitaji kupima ubora kwa asilimia ndogo. Tofauti kati ya tangi lenye sumaku na lisilo nayo inaonekana kwa macho. Kwenye utando, faida ni ya kiasi, na lazima ishindane na kila njia nyingine ya kupata faida kama hiyo.

Jua la New Mexico

Na njia nyingine zipo. Mwaka 2015 kundi la wahandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, pamoja na kampuni ya India, Jain Irrigation Systems, lilishinda tuzo ya kuondoa chumvi iliyoandaliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Mtambo wao ulitumia elektrodayalisisi na paneli za sola, ukilenga vijiji vya India ambavyo maji yake ya kisima ni ya chumvichumvi. Hawakubuni utando mpya. Walinunua uliopo, wakatumia akili kwenye mambo mengine.

Oktoba 2024 kundi hilo hilo la MIT lilitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita katika jimbo la New Mexico, kwenye visima halisi vya chumvi. Mtambo ulitoa hadi lita 5,000 za maji kwa siku. Ulitumia zaidi ya asilimia 94 ya umeme uliozalishwa na paneli zake, bila kutegemea betri kubwa. Siri haikuwa kwenye plastiki, ilikuwa kwenye udhibiti. Wingu likipita, mtambo hupunguza kasi ya pampu na nguvu ya umeme mara kadhaa kwa sekunde. Jua likirudi, unaongeza. Betri ni kifaa ghali, na ndicho hufa kwanza kwenye joto la mashambani, kwa hiyo kuipunguza ni kupunguza gharama na pia safari za fundi.

Kwa anayefikiria mahali pa kuweka fedha, ulinganisho huu ni muhimu. Kuboresha utando kwa chembe za sumaku kunapunguza umeme unaopotea ndani ya utando. Lakini katika mtambo mdogo unaotumia jua, umeme wenyewe si gharama ya kila siku, umeshalipiwa siku paneli ziliponunuliwa. Kinachouma ni bei ya kununua mtambo, na sehemu kubwa yake ni zile kurasa za utando. Kwa hiyo chembe za sumaku zitasaidia vijiji kwa njia moja tu: zikifanya utando wa bei nafuu ukaribie ubora wa utando ghali. Zikitumika kufanya utando ghali uwe ghali na bora zaidi, zitasaidia viwanda na betri. Hizo ni njia mbili tofauti, na majarida huzitangaza kwa maneno yale yale.

Chumvi iliyoondolewa inakwenda wapi?

Lotikipi inaweza kuwa mahali pabaya pa kuanzia. Maji yako chini sana, chumvi ni nyingi, na watu wametawanyika. Visima vidogo vya Bonde la Ufa vinaonekana kufaa zaidi, hasa vile vyenye floraidi. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara nchini Tanzania, na za Nakuru nchini Kenya, vipo visima vinavyozidi hapo mara kadhaa, na matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto na miguu iliyopinda. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi kwa miaka mingi kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho ni rahisi na kinafaa kwa nyumba moja, ingawa mkaa huchoka na wapo wasiotaka maji yaliyopita kwenye mifupa. Floraidi ni ioni yenye chaji hasi, kwa hiyo elektrodayalisisi huivuta pamoja na chumvi nyingine. Haiui vijidudu, maana vijidudu havitoki na maji ndiyo yanayobaki, hivyo klorini au kuchemsha bado kunahitajika.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu. Kisima kina floraidi miligramu 5 kwa lita. Mtambo unachukua lita 100 na kutoa lita 80 zenye miligramu 1 kwa lita, maji salama kwa kipimo cha WHO. Floraidi iliyoondolewa haijapotea. Ipo kwenye lita 20 zilizobaki, na sasa ni miligramu 21 kwa lita. Utando bora zaidi, wenye chembe za sumaku au usio nazo, utaipunguza ile ishirini iwe kumi, na ukali wake utapanda karibu maradufu.

Pwani maji hayo yangerudishwa baharini kwa uangalifu. Bara hakuna bahari. Yanahitaji bwawa lililotandikwa turubai ili yakauke kwa jua bila kurudi ardhini, uzio wa kuzuia mifugo, na mtu wa kuzoa chumvi inayobaki na kuipeleka mahali palipokubaliwa. Makadirio ya mtambo wowote wa kijiji yasiyo na mstari wa bwawa hilo, na mshahara wa mtu huyo, hayajakamilika.